Mafuta Yasiyofika

Kwenye kiwanda cha mbao cha kijiji cha ujamaa, juu ya Magamba, bushi inayoshika shafti ya msumeno iliungua mara ya tatu. Mkutano ukaamua tena: kila zamu iongeze mafuta.

Fundi Jenoveva Hoza alichoka. Akachanganya mafuta na rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, ile ya wapima madini, akauendesha msumeno, kisha akaifungua bushi ndani ya stoo yenye giza na kuimulika kwa taa hiyo. Kote kulimeta kijani, isipokuwa juu, kwenye tundu la mafuta. Msumeno ukizunguka, mkanda ulivuta shafti juu, ikaliziba tundu hilo.

"Shikamoo, Mzee. Mafuta yapo, ila hayafiki panaposuguana. Natoboa tundu jingine ubavuni."

"Marahaba. Ngoja mkutano," alisema mwenyekiti wa kijiji, Shemdoe, aliyesimama mlangoni.

"Tumekutana mara tatu, Mzee." Jenoveva alishika keekee. "Chuma hakikuhudhuria."