Siku Tisa za Neli

Kabla hujamchoma mtu sindano ya ketamini, unamwambia afikirie mahali pazuri. Nilifundishwa hivyo, na nikafanya hivyo miaka yote niliyokuwa mtoa dawa ya usingizi katika hospitali yetu ndogo kando ya ziwa, maana dawa ile humpeleka mtu mbali, na anayeondoka na hofu huzinduka akipiga mayowe. Wanaume wengi walifikiria ng'ombe. Mwishowe nilikuwa nauliza kwa kutimiza wajibu tu.

Neli alipolazwa mezani, mwaka 1994, nikamwambia, "Haya, fikiria mahali unapopapenda." Akasema hana.

Neli alikuwa rafiki yangu tangu utotoni. Mfinyanzi, mtoto wa mfinyanzi, na vyungu vyake vilijulikana gulio zima la Lyulilo. Lakini ulikuwa mwaka wa pili hajagusa udongo. Hakufiwa, hakuachwa. Aliamka asubuhi moja akakaa, na akaendelea kukaa. Watu walisema zilimvunja moyo zile ndoo za plastiki zilizomiminika wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, lakini wafinyanzi wenzake walizitukana hizo ndoo na wakaendelea kufinyanga. Mbeya walimwandikia vidonge, akavimeza mwaka mzima, wakabadilisha, akameza vingine. Vilimkausha mdomo tu. Mumewe, Enoki, alikuwa anamwogesha kama mtoto mchanga, na sikumsikia akilalamika hata siku moja.

Siku ile alikuwa ameletwa kwa ajili ya jipu kubwa la paja. Kwa kuwa hakuwa na mahali pa kufikiria, nikamtafutia mimi. Niliinama sikioni mwake nikamsimulia Jumamosi zetu za gulio. Mtumbwi umetoka Ikombe umejaa vyungu vilivyopangwa kwenye nyasi, sisi wasichana tumebanwa katikati, tumekatazwa hata kupiga chafya. Mama yake akishuka tu anagonga kila chungu kwa kifundo cha kidole. Kikilia vibaya anakirudisha mtumbwini bila neno. Watu wa Busale wamefika na mchele, na chungu kinauzwa kwa ujazo wake: mnunuzi anakijaza, mchele unabaki kwa mfinyanzi, chungu kinaondoka naye. Neli alikuwa na tabia ya kukitikisa chungu ili mchele ushuke, uingie mwingine, huku akimtazama mteja usoni kama malaika. Siku zile zilikuwa tamu. Nilidunga sindano huku nikisimulia.

Jipu likapasuliwa. Kesho yake asubuhi nikamkuta ameketi kitandani.

"Ugonile, Angetile," akasema.

Kwa miaka miwili hakuwahi kunisalimu wa kwanza. Akaomba wali na usipa, wale dagaa wa ziwa letu, akamaliza, akaomba tena. Siku ya tatu alikuwa nyumbani anakanda udongo, mguu unachechemea. Enoki alikuja hospitali na samaki wawili wakubwa, mbasa. Alisema "Ndaga fijo," asante sana, akaniachia samaki, akaenda zake.

Kila mtu akajitwalia sifa. Mama mkwe wake alisema huzuni ilikuwa imejificha kwenye usaha, imetoka nao. Mchungaji alitaja maombi ya Jumatano. Mimi nilitembea kwa maringo ya kimyakimya, nikijua kwamba yaliyomponya ni maneno yangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria ile chupa ya dawa.

Siku ya kumi Neli akakaa tena.

Enoki akamrudisha kwa mtumbwi. Alikuwa ametumwa na mama yake atuombe tumkate mkewe paja la pili. Daktari Prosper akamweleza kwa upole kwamba hakuna pa kukata. Neli mwenyewe akanivuta hadi kwenye benchi nyuma ya chumba cha upasuaji.

"Sitaki kukatwa," akasema, polepole, neno moja moja. "Ni ile sindano, Angetile. Nilipokuwa huko kuna kitu kilinyanyuka. Nipe tena."

Chupa ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Chupa kama hizo zilibaki chache, na tuliziweka kwa ajili ya akina mama wanaopasuliwa wakati wa kujifungua. Ningemwambia hivyo tu, ingekuwa haki. Lakini mimi nilimwambia, "Sindano ni ya usingizi, Neli. Yaliyokuponya ni yale niliyokusimulia." Nikamshika mkono nikaanza upya: mtumbwi, nyasi, mama yake anagonga vyungu. Nilisimulia vizuri kuliko mara ya kwanza. Hata machozi yalinitoka.

Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Ni pazuri," akasema. "Lakini ni pako."

Enoki akampandisha mtumbwini, wakarudi kwao.

Mwaka 2001 niliitwa kwenye semina Mbeya. Daktari Naila, binti wa wenye duka la khanga pale Kyela mjini, alitueleza utafiti mpya wa Marekani: wagonjwa wachache, hata kumi hawafiki, waliopewa ketamini kidogo kwa ajili ya huzuni kali. Ndani ya siku tatu kuna waliopata nafuu. Baadaye ikawarudia. Akatuonya kwamba bado ni mapema, dawa ina hatari zake, tusikimbilie kuwadunga watu. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje, nikalia kwenye baridi ya Mbeya, mtu mzima na sare yangu.

Jumamosi ile nikaenda Lyulilo. Neli alikuwa ameketi kwenye kivuli cha kibanda cha Enoki cha samaki, mikono mapajani. Miaka yote hiyo alikuwa anakula akipewa, anatembea akiongozwa. Nikakaa chini mchangani mbele yake nikamwambia yote: kwamba ilikuwa dawa, kwamba yeye alijua, na mimi nikambishia kwa kiburi changu.

Watu walipita na ndoo zao.

"Siku ile kwenye benchi," akasema, "ulikuwa nayo?"

"Ilikuwa mfukoni mwangu."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakukasirika, hasira ningeishukuru.

"Labda ningepata siku tisa nyingine," akasema. "Kuna chungu kimoja nilikiacha, kilikuwa kimebaki kutiwa shingo tu."