Ufa Nyuma ya Kabati

Wanafunzi walimwita Ushahidi, kisogoni mwake bila shaka, maana hakuna neno lililomtoka mwalimu yule mara nyingi kuliko hilo. Ukimwambia mvua inanyesha, atakuuliza umeiona au umeambiwa. Somo lake la kupima habari alilipigania kwa jino na ukucha hadi akapewa kipindi kimoja tu, Ijumaa, saa ambayo watoto wanawaza kwenda nyumbani.

Ijumaa hiyo kipindi chenyewe kilikuwa hatarini. Simu za wazazi zilijaa picha ya ukuta uliopasuka, na chini yake maneno: "Maktaba ya shule yetu itawaangukia watoto."

"Aliyeanza kuisambaza ni mtoto wa darasa lako," mkuu wa shule alimwambia, jasho likimtoka. "Ndiyo matunda ya somo lako hayo? Jioni wazazi wanakuja. Nileteeni uthibitisho kwamba ni uongo, la sivyo nakifuta hicho kipindi."

Mwalimu akaiweka picha mbele ya wanafunzi, huku akiomba kimoyomoyo iwe uongo. Hawakukawia.

"Mwalimu, dirisha hili lina nondo za kulala, yetu za kusimama," alisema Kasuku, binti aliyepewa jina hilo kwa kurudia kila alichosikia. Ndiye aliyeisambaza picha, na macho yalikuwa bado mekundu kwa kulia. "Halafu sakafu ina vigae. Sisi na vigae wapi na wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alitamani kumkumbatia.

"Haya, twendeni kwa mkuu."

"Bado, Mwalimu," alisema Kasuku. "Picha ni ya uongo, sawa. Maneno hatujayapima."

Mwalimu akasita. Ushindi alikuwa nao mkononi, na angeweza kumnyamazisha mtoto kwa neno moja. Lakini ni yeye aliyewafundisha kwamba picha ina kesi yake na maneno yana kesi yake. Wakaenda maktaba, wakakagua kuta, wakasukuma kabati la vitabu vikuukuu. Nyuma yake ufa ulipanda toka sakafuni hadi darini. Kasuku akatia kidole, kikazama. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Shikamoo, Mkuu," alianza Kasuku ofisini. "Picha si ya hapa. Ila ufa upo, nyuma ya kabati."

Mkuu aliitazama saa yake. "Tutawaambia wazazi picha ni ya uongo. Inatosha."

"Hiyo ni nusu, Mkuu," alisema mwalimu. Aliogopa, tena sana. "Kipindi kifute ukitaka. Nusu siisemi."

"Mkuu," Kasuku akadakia, "si kila Jumatatu mstarini unatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta? Mimi narudia tu nilichosikia."

Mkuu akamkodolea macho, kisha kicheko kikamponyoka. Wazazi walipofika, aliwaambia yote mawili kwa kinywa chake, akaifunga maktaba kwa kufuli mbele yao na kumwita fundi.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alikuta mtu mzima amejibana kwenye dawati la nyuma, magoti juu. Alikuwa mkuu, simu mkononi, amenyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mwalimu, nimetumiwa ujumbe asubuhi. Nilikuwa karibu kuwatumia wenzangu," alisema kwa aibu kidogo. "Hebu nisaidieni kuupima."