Fito za Mteremko wa Kebirigo

Fito zilikuwa imara, zimepigiliwa misumari mirefu, na hakuna mzee hata mmoja aliyezishika.

Persis alisimama juu ya mteremko, mwavuli kwapani, akatazama asielewe. Chini lilikuwa soko la Kebirigo. Njia ya kwenda huko ilikuwa udongo mwekundu mtupu, mkali kama paa la nyumba, na mvua ikinyesha uligeuka uji. Sasa halmashauri ilikuwa imesimamisha nguzo za mkaratusi pande zote mbili, na juu ya nguzo fito za kushikilia, kuanzia kilimani hadi sokoni. Vijana walipita humo wakipiga mbinja. Wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani walipita humo. Lakini wazee, ambao ndio waliojengewa, walipofika kwenye nguzo ya kwanza waliingia kando kwenye majani, wakashuka kwa fimbo na kwa makalio, kwenye kijia kilekile cha zamani kilichokuwa kikiwavunja mifupa kila masika.

"Mama, fito ziko huku!" Persis alimwita Nyamoita, mjane wa jirani.

"Naziona, mwanangu. Nzuri sana."

"Sasa mbona huzishiki?"

"Ziache, zikae zikauke." Nyamoita akashika kichaka cha majani, akajivuta, akapotea bondeni.

Zikauke! Persis alikuwa na diploma ya maendeleo ya jamii, na kwenye chuo walimfundisha kwamba mradi usiotumiwa una kasoro, na kasoro hutafutwa. Akaitafuta. Alidhani ni vibanzi, akamleta fundi akapiga msasa fito zote. Alidhani zimewekwa juu mno kwa migongo iliyopinda, zikashushwa. Wazee wakaja kutazama kazi, wakaisifu, wakamshukuru fundi, wakashuka kwenye majani.

Hakuutaka mradi huu ili asifiwe. Aliutaka kwa ajili ya Machogu, baba wa mumewe Alfayo. Masika ya mwaka wa sabini na mbili mzee huyo alikuwa akitoka kanisani Jumamosi, siku ya Sabato, Persis yuko nyuma yake kwa mbali kama inavyompasa mke wa mwana, akamwona anateleza, anabingirika, analala. Alimkimbilia. Alipofika akasimama. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hiyo ndiyo chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, ambayo Mgusii huinyonya pamoja na maziwa ya mama. Alimfunika kwa mwavuli, akauegemeza kwenye jiwe, akaenda mbio kutafuta mwanamume wa kumwinua. Mvua ilimpiga mzee mpaka mwanamume alipopatikana. Mkono wa kushoto uliungana vibaya. Mwaka huohuo mzee mwingine alivunjika nyonga kwenye mteremko huo, akafa kabla ya mavuno.

Ndipo Persis alipokwenda halmashauri. "Wazee kuanguka si mapenzi ya Mungu," aliwaambia madiwani. "Ni udongo na maji. Serikali inajenga josho ili ng'ombe wasife. Mzee ameshindwa nini na ng'ombe?" Walicheka, lakini walipitisha.

Sasa diwani Manasseh, mtu wa tumbo na kofia, alikuwa amemwita kando ya soko.

"Madamu, nasikia wazee hawazitaki fito zako."

"Watazitaka."

"Lini? Kwa sababu kuna watu wa josho wanaomba nguzo. Kikao kijacho nikisikia bado wanashuka kwa makalio, tunazing'oa."

Jioni alimkabili mumewe. Alfayo alikuwa akinoa panga la kupogolea majani chai.

"Baba amekuambia nini kuhusu fito?"

"Hajaniambia kitu."

"Wewe unaona nini?"

"Mama Bochaberi, wazee ni wazee." Akainamia jiwe la kunolea kama mtu aliyeona nyoka humo.

Persis alimtazama kisogoni. Kila mtu kwenye kilima hiki alijua jambo, na jambo lenyewe lilimzunguka yeye kama moshi unavyomzunguka anayepika.

Aliyemaliza ubishi ni Nyangate, naibu wa chifu, mtu aliyependa amri kuliko chakula. Aliposikia fito zitang'olewa alikata miiba, akakiziba kijia cha zamani juu na chini. Kisha akatangaza barazani kwamba mwenye mvi atakayeonekana kwenye majani atalala ndani.

"Bwana Nyangate, nataka wasianguke, sitaki wafungwe," Persis alimlalamikia.

"Madamu, jela ni sakafu ya saruji. Huko hawaanguki." Akacheka peke yake.

Siku ya pili, alasiri, manyunyu yakidondoka, Persis alikuwa akipanda kutoka sokoni na kikapu cha mboga. Nyuma yake walikuja wanawake, mmoja nyuma ya mwingine, wamejitwika. Aliinua macho, akamwona Machogu akishuka.

Mkono mzima wa mzee ulikuwa umeng'ang'ania ufito. Moyo wa Persis uliruka kwa furaha. Amezishika! Furaha hiyo haikudumu hata nusu pumzi, maana mzee naye aliinua macho, na wote wawili wakasimama kama walionaswa mtegoni.

Njia ilikuwa finyu. Ili kupishana ingebidi wagusane mabega, yeye na baba wa mumewe, mbele ya watu. Persis alirudi nyuma hatua moja, akagonga beseni la aliyemfuata.

"Tembea, mama, shingo inakatika!" alifoka mwanamke mmoja kutoka chini.

Machogu hangeweza kurudi. Kupanda kinyumenyume kwa mkono mmoja ni kujiua. Aligeuza uso kando, akatazama mashamba ya chai. Halafu taratibu, kwa adabu aliyolelewa nayo, aliinua mguu ili avuke ufito na kutoka njiani, ampishe mke wa mwanawe. Mguu ulitetemeka hewani.

Persis hakufikiri. Alipita chini ya ufito upande wake, akaingia kwenye matope, na matope yakamchukua. Alishuka na kikapu chake, sukuma wiki huku, kiatu kule, hadi kwenye miiba ya Nyangate. Wanawake walipiga yowe, kisha kicheko.

Huko juu Machogu aliurudisha mguu chini. Hakumtazama Persis aliyelowa na kuchafuka. Ingekuwa aibu juu ya aibu. Alizungumza na nguzo.

"Nguzo, muulize mke wa mwanangu kama ameumia."

"Sijaumia," Persis aliiambia nguzo, akichomoa miiba.

"Basi muulize pia: serikali imetufanya nini? Zamani nikikutana na mkwe naingia majani, anapita. Sasa mmetufunga kushoto, mmetufunga kulia, mkatuambia tukutane katikati uso kwa uso. Kama serikali imefuta chinsoni, si itangaze barazani tujue?"

Persis alibaki amekaa kwenye tope. Kilima hiki chote kilikuwa ukoo mmoja. Kila mzee wa kiume hapa alikuwa baba mkwe wake, ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumwambia, na wanawake kama Nyamoita, wenye wakwe wao wa kuwapisha, walidhani anajua. Na yeye, maisha yake yote, alikuwa akiwapisha wazee kwa kuingia majani bila kuwaza, kama mtu anavyopepesa jicho. Hakuwahi kukiona kitu hicho, basi hakukiweka kwenye ramani.

"Ulijua!" alimwambia Alfayo nyumbani, maji ya kuoga yakiwa bado yanamchuruzika.

"Nilidhani na wewe unajua. Nilidhani ndiyo kazi ya diploma yenyewe, kuziondoa mila." Akashusha sauti. "Nilikuonea haya kukuuliza."

Kwenye kikao Manasseh alivua kofia, akajikuna.

"Ulituomba tujenge. Tumejenga. Sasa unataka tubomoe?"

"Tubomoe kidogo. Pembeni, mahali pa mtu kutoka njiani na kusimama, pawe na ufito wa kushika hapohapo. Kisha pengine mbele, na pengine tena."

"Sababu?"

Persis alifungua mdomo. Madiwani wawili walikuwa wazee wa kilima chake, na wote wawili walikuwa wakitazama dari.

"Wazee wapate kupumzika," alisema.

"Naam, kupumzika," walidakia wale wazee kwa pamoja, haraka mno, na Manasseh akawatazama wote asijue kimepita nini.

Mafundi walimaliza Alhamisi. Jumamosi Persis alikuwa akishuka kwenda kanisani alipomwona Machogu mbele, amesikia nyayo, ameingia pembeni. Alimpa mgongo, mkono umekamata ufito, macho kwenye chai. Persis hakujua kama anapaswa kusalimia au kunyamaza. Kwa jambo hili hakukuwa na mila bado. Akakohoa. Mzee naye akakohoa. Persis akampita, macho chini, na hakugeuka nyuma. Alisikia tu kiganja cha mzee kikisugua ufito, polepole, kikishuka nyuma yake.