Maua ya Buluu kwenye Lango la Yonne

Ghislaine aliacha kahawa jikoni ikitokota akakimbilia kamba, maana lango la mto Yonne, bwawa la kupandishia na kushushia vyombo, lilikuwa mbele na limefungwa. Tishari lake na mumewe lilikuwa tupu. Walitakiwa wafike kwenye ghala la ngano kabla ya saa sita mchana. Wakichelewa, mzigo wanapewa wenye malori, nao mwezi mwingine watakula viazi na supu ya vitunguu.

Maryvonne, mlinzi wa lango, akatoka na redio yake.

"Mkubwa kasema msubiri. Kuna meli ya watalii inapanda. Nitoe maji humu bwawani, niifungulie moja kwa moja."

"Maji si utayatoa hata hivyo?" Aimé, mume wa Ghislaine, aliuliza toka kwenye usukani. "Unashindwa kutushusha nayo?"

"Ndiyo akili ya ofisini hiyo." Maryvonne akaizima redio. "Betri imekufa. Ingieni upesi."

Ghislaine hakushukuru. Alizaliwa juu ya tishari, akalelewa juu ya tishari, na kila alipopita hapa alivitamani vya Maryvonne: nyumba ya mawe isiyoyumba, maharage yamepanda vijiti, mti wa maua ya buluu mlangoni. Tena sasa kuna na la Aimé. Akiwa na mkewe hutoa maneno ya lazima tu: vuta, legeza, chumvi iko wapi. Akifika hapa ulimi unamfunguka.

Tishari lilipoingia na mlango wa nyuma kufungwa, Aimé akaruka ukutani kumsaidia Maryvonne kuzungusha gurudumu la kutolea maji, kama ilivyo desturi ya watu wa mtoni.

"Kitendawili."

"Tega, babu wewe."

"Nina milango miwili, siku nikiifungua yote pamoja nimekwisha."

"Hata kuku wangu analijua hilo. Lango la mto."

Wakacheka. Kisha Aimé akainama, akauliza kitu kwa sauti ya chini, na Maryvonne akacheka tena, akamwekea mkono begani.

Ghislaine aliutazama mkono ule. Kuta za malango ya Yonne hazisimami wima, zimelala kama paa la nyumba. Maji yakishuka, lazima ulegeze kamba na kulisukuma tishari katikati kwa upondo. Jambo hilo alilijua kabla hajajua kusoma. Lakini alikuwa akitazama mkono.

Birika la kahawa likaanguka jikoni. Sahani zikafuata. Tishari lilikuwa limekalia mawe ubavu mmoja, linalala.

"Ghislaine, kamba!" Aimé akapiga kelele.

Maryvonne akafunga njia ya maji, akakimbia upande wa juu, akalijaza bwawa upya. Tishari likanyanyuka taratibu, likilia. Huko chini meli ya watalii ilipiga honi, ikapiga tena. Walipoanza kushuka mara ya pili, ghala likampigia Aimé simu: malori yameshaanza kupakia.

Aimé hakugomba. Alikwenda kuokota sahani.

"Mlikuwa mnacheka nini?" Ghislaine aliuliza, bila kumtazama Maryvonne.

"Aliniuliza kama hii nyumba inauzwa. Anasema unaitazama kila mkipita." Maryvonne akajifuta mikono kwenye aproni. "Nimecheka nisije nikalia. Ofisi imeshamuuzia mtu wa Paris, atakuwa anakuja kiangazi. Mimi natoka Jumatatu. Hapa wanaweka kamera, lango litafunguliwa kutoka ofisini. Na mimi nilikuwa nakuonea wivu wewe, nyumba yako inaelea, hakuna wa kukufukuza."

"Bila mzigo? Wataikata iwe chuma chakavu."

Ghislaine akamwachia Aimé kamba, akapanda ukutani. "Nipe sepetu," akasema. "Ule mti wa maua hatumwachii mtu wa Paris."

Lango la chini lilipofunguka, watalii walisimama na glasi zao kuipiga picha nyumba nzuri ya mawe. Kwenye picha zote, mlangoni kuna shimo. Mti wa maua ya buluu ulikuwa puani mwa tishari, ndani ya ndoo, na Ghislaine ameushika usianguke.