Barua ya Bi. Carmody

Dalali alipomtumia Nokuzola picha za nyumba ile, alizitazama amesimama jikoni, mwiko mkononi, mpaka uji wa mtoto ukaungua. Hakuhitaji kusoma maelezo. Namba 27, Mtaa wa Thornley. Anwani hiyo aliiandika kwenye kila daftari lake tangu darasa la kwanza mpaka la saba, na hata leo ungemwamsha usingizini angekutajia.

"Ndiyo hii," akamwambia mumewe, Bhekani.

"Ndiyo ipi?"

"Nyumba yetu."

"Yetu tangu lini? Si ndiyo ile mama yako alikuwa akiisugua?"

Bhekani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na ugonjwa wa kusema kweli kabla hajanywa chai.

Walikuwa wanatafuta nyumba tangu Pasaka. Hapa Maritzburg, Afrika Kusini, kila shule nzuri ina mitaa yake. Watoto wanaolala ndani ya mitaa hiyo huitwa kwanza, na walio nje husubiri makombo. Barabara moja inatosha kuwatenganisha majirani: wa upande huu mtoto wake anakwenda shule kwa miguu huku anakula mkate, wa upande ule mtoto wake anaamshwa saa kumi na moja alfajiri akapande gari. Ndiyo maana utaona watu wenye akili timamu wanaipita nyumba yenye bwawa la kuogelea, wakaenda kununua yenye bafu bovu. Binti yao, Lwandle, alikuwa aanze darasa la kwanza Januari. Maombi yalikuwa yafungwe Ijumaa hiyo. Na Fairholm, shule aliyosoma Nokuzola mwenyewe, ilikuwa pale mwisho wa Mtaa wa Thornley.

Lilibaki neno moja, nalo lilikuwa zito. Nokuzola hakuwahi kununua hata kitanda bila kauli ya mama yake, na safari hii alitaka mama huyo aondoke nyumbani kwake Edendale aje kuishi nao. Mama huyo, MaZondi, akikataa, Nokuzola hatii saini. Bhekani alilijua hilo na alikwishalizoea. Mama mkwe habishiwi.

Kwa hiyo Jumatano mchana walimchukua MaZondi kwa gari bila kumwambia wanampeleka wapi. Nokuzola alitaka iwe zawadi. Njia nzima aliwaza namna atakavyomshika mama yake mkono, wapite pamoja mlango wa mbele, ule ambao kwa miaka kumi na tisa mama aliupita na ndoo tu. Machozi alikuwa nayo tayari.

Gari likasimama. MaZondi akaitazama nyumba, akamtazama binti yake.

"Mmenileta kazini?"

"Mama, inauzwa. Bi. Carmody amefariki, watoto wake wako ng'ambo. Tunataka kuinunua."

MaZondi alifungua mlango wa gari. Alishuka, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, akapita mlango wa mbele kama mkaguzi wa serikali. Machozi ya Nokuzola yakakosa kazi.

Dalali, kijana mwenye viatu vinavyong'aa aitwaye Naicker, alianza hotuba yake. "Karibu sana, mama. Hapa ni sebule, mbao zote ni za asili, hazijaguswa..."

"Zulia hili mmeliweka lini?"

"Samahani?"

"Chumba cha kulia hakikuwa na zulia. Hebu linyanyue pale pembeni."

Naicker alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akainama. Chini ya zulia mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, laini kama mkate uliolowa.

"Huku bafuni, mvua ikitoka kusini, maji yanaingia juu ya dirisha. Msidanganyike na rangi mpya. Na ule mti wa mbele mizizi yake iko ndani ya bomba la maji machafu. Kila Agosti choo kinarudisha."

"Bibi, wewe umejuaje yote haya?"

"Hiyo sakafu unayonisifia nimeisugua kwa magoti, mwanangu. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Bhekani aligeukia ukutani ili asicheke mbele ya mkwewe. Naicker alifuta jasho, akasema atakwenda kuwapigia simu warithi.

Ndipo wakatoka nyuma, wakapita kamba za nguo, mpaka kwenye chumba cha mtumishi. Bhekani akabaki uani, akawaachia.

Kilikuwa kidogo kuliko Nokuzola alivyokumbuka. Hapa ndipo kilipokuwa kitanda, kimeinuliwa juu ya matofali ili tokoloshe, kile kijini cha usiku, kwa ufupi wake, asimfikie mtu. Walilala wawili, kichwa cha mtoto kwapani mwa mama. Alivuta pumzi, na ingawa chumba kilinuka vumbi tu, yeye alisikia harufu ya ile rangi nyekundu ya kung'arishia baraza, na viazi vya kuoka.

"Mama, unakumbuka Jumapili?" alisema. "Wageni wakishamaliza kula unaniletea viazi kwenye kifuniko cha sufuria. Halafu unapiga pasi, redio inaimba nyimbo za kanisa, mimi nimelala tumbo nafanya hesabu. Mimi maisha yangu yote, nikitaka kupumzika moyo, narudi kwenye hizo Jumapili. Nataka Lwandle apate kitu kama kile."

MaZondi alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Hakukiachia.

"Unajua kwa nini nilikuwa hapa Jumapili?"

"Kwa sababu nilikuwepo mimi."

"Jumapili ilikuwa siku yangu ya mapumziko, Noku. Kabla hujaja kuishi huku nilikuwa napanda basi asubuhi nakwenda Edendale kwa bibi yenu. Nakupikia wewe na kaka yako, tunakwenda kanisani, jioni narudi. Ukafika umri wa shule. Fairholm wakataka barua ya mwenye nyumba, kila mwaka, aseme mtoto analala hapa. Nikamwomba Bi. Carmody. Akasema sawa, ataandika, lakini mtoto akilala kwake, na mimi niwepo Jumapili, maana ana wageni wa chakula cha mchana. Barua moja kwa Jumapili zote. Miaka saba."

"Na Mzwakhe?"

"Barua ilikuwa ya mtoto mmoja. Mzwakhe alikuwa na miaka tisa. Alhamisi mchana nikipata ruhusa nafika, yeye yuko shuleni. Bibi yenu aliniambia baadaye. Kila Jumapili alikuwa anavaa shati la kanisani, anakwenda kusimama kituoni. Basi la saa tatu likipita anangoja la saa tano. Mwaka mzima. Halafu akaacha."

Nokuzola alikaa kwenye kizingiti. Kaka yake, fundi wa kuchomelea madirisha ya chuma, hakuja kwenye mahafali yake wala harusi yake, na akimpigia simu humwita "mzungu wa Thornley." Siku zote alidhani ni wivu. Kumbe utamu wote ule aliokuwa akiurudia ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kituoni na shati lake jeupe. Aliona haya, akaona uchungu, na hakujua kipi kimetangulia.

"Basi tuiache hii nyumba, Mama. Tutatafuta nyingine."

"Tuiache?" MaZondi aliachia kitasa. "Mtoto akasome wapi? Mimi nimeilipia shule hii, kaka yako ameilipia, halafu wewe uje uiache kwa sababu moyo umekuuma kidogo? Nunua! Ila waondoe bei ya zile mbao. Na mimi nitahamia. Lakini chumba hiki silali tena."

"Hakuna aliyekuambia ulale hapa, Mama. Tutakifanya nini?"

"Kuku," alisema MaZondi, akatoka.

Warithi walikubali kesho yake, na bei ya mbao ikaondoka. Jioni hiyo Nokuzola alikaa mezani Edendale na fomu ya Fairholm, mama yake upande wa pili anachambua maharagwe. Alijaza jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, chanjo. Alipofika kwenye anwani mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyofundishwa utotoni: *Kwa Bi. Carmody, namba 27...* Akasimama. Akayakata yale maneno matatu ya mwanzo kwa mstari mmoja, ikabaki namba na mtaa.

Kisha akampigia kaka yake.

"Mzungu wa Thornley," alisema Mzwakhe. "Nasikia unarudi kwenu."

"Bhuti, njoo ule kwetu Jumapili. Tukishahamia."

Nyuma ya Mzwakhe mashine ya kuchomelea iliunguruma, ikazimwa.

"Jumapili gani?"

Swali lilifika mpaka upande wa pili wa meza. MaZondi alifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni, akaichukua simu.

"Zote, mwanangu," alisema. "Zote zilizonibakia."