Mstari wa Kumi na Saba

Kufikia saa moja asubuhi Dobi alikuwa ameshanyoosha mashati kumi na manne, na koti jeupe la muuguzi bado lilikuwa linamngoja mezani. Alifungua pasi, akaongeza vipande vitatu vya mkaa, akapuliza. Vitatu tu. Mkaa siku hizi unauzwa kwa kopo, na kopo lenyewe limegongwa kitako kikaingia ndani, ukidhani umenunua kopo zima kumbe umenunua robo tatu.

"Wifi," alimwambia mke wa kaka yake, aliyekuja kumshikia kibanda, "mteja akija mwambie kesho. Akibisha, mwambie nimeitwa na serikali."

"Imekuitia nini?"

"Kujifunza hesabu."

Wifi yake alicheka mpaka akashika mlango. "Miaka kumi na moja unahesabu nguo za watu, leo ndiyo wanakufundisha?"

Dobi hakucheka. Mwaka huu leseni ya biashara ndogo haitolewi bila cheti cha mafunzo ya kutunza vitabu vya hesabu. Fomu ya kujiandikisha tu ilikuwa elfu kumi na tano, na leseni yake inaisha Alhamisi. Alifunga kanga vizuri, akanunua daftari na kalamu njiani, akaenda.

Ukumbini walikuwa watu thelathini na wawili: wauza nyanya, mafundi viatu, mama mmoja wa kusaga nafaka, na Kinyozi, jirani yake wa kibanda cha tatu, aliyemwekea kiti pembeni yake. "Kaa hapa dada, ukilala nikuamshe," alimnong'oneza.

Lakini hakulala. Mwalimu alikuwa mtunza hesabu mstaafu, tai imefifia, viatu vimeng'arishwa, na kazi yake alikuwa anaijua. Alimnyooshea Dobi chaki.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nafua na kupiga pasi."

"Shati moja bei gani?"

"Mia tano."

"Na linakugharimu kiasi gani?"

Dobi alikuwa hajawahi kuulizwa. Wakaanza pamoja, kimoja kimoja, ubaoni: sabuni tisini, maji sitini, mkaa mia moja na thelathini, kodi ya kibanda na ushuru wa kila siku mia moja na hamsini. Jumla mia nne na thelathini.

"Na mikono yako umeiweka wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Mikono si yangu mwenyewe?"

"Ni yako, lakini inakula."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walipofika kwenye blanketi, hakucheka mtu. Blanketi alikuwa analipwa elfu mbili, na kwa sabuni na maji linayokunywa, lilikuwa linamla elfu mbili na mia mbili. Dobi alitazama ile namba. Miaka kumi na moja amekuwa akikamua mablanketi ya watu mpaka viganja vinachubuka, na kila moja anamlipa mwenye nalo mia mbili juu. Aliona haya, kisha akapata hasira, kisha, ajabu, akafurahi kama mtu aliyewashiwa taa. Akaandika kila kitu.

Mwisho Mwalimu alifundisha stakabadhi. "Sikilizeni vizuri. Sahihi yako ni ushahidi. Ukitia sahihi kwamba umepokea kumi, na mkononi una mbili, zile nane umeziiba wewe. Hata zikiwa mfukoni mwa mtu mwingine, kwenye kitabu mwizi ni wewe."

Dobi aliyapigia mstari maneno hayo.

Saa nane Afisa Biashara aliingia na bahasha, kreti ya soda, vyeti vilivyofungwa kwa mpira na karatasi ndefu ya mahudhurio. Utaratibu ulikuwa rahisi: unasaini, unapewa soda, elfu mbili ya nauli na cheti, unakwenda zako. Foleni ikaenda mbio. Hakuna aliyesoma.

Dobi alisoma. Alikuwa mstari wa kumi na saba. Siku za mafunzo: tatu. Posho: elfu tisini. Chakula cha mchana: siku tatu. Daftari na kalamu: amepokea.

"Afisa, samahani. Hapa naona elfu tisini."

"Hizo ni taratibu za ofisi, mama. Saini."

"Zangu ziko wapi?"

"Si umepewa nauli?"

"Na siku tatu? Mimi nimekuja leo asubuhi, naondoka leo mchana."

"Mama, watu wanangoja."

Watu thelathini na wawili mara elfu tisini. Jana asingeweza kuipiga hesabu hiyo kichwani. Leo ilimjia yenyewe. Karibu milioni tatu. Akamgeukia Mwalimu, lakini kabla hajasema neno jicho lake lilipita juu ya karatasi. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Mwalimu. Siku tatu, laki tisa, na sahihi.

"Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa anafuta ubao uliokwisha kufutika. Hakugeuka. "Mama," alisema polepole, "mimi mwezi wa nane huu sijaona pensheni."

Dobi akashika kalamu. Alikata elfu tisini akaandika elfu mbili. Alikata siku tatu akaandika moja. Kwenye chakula akaandika soda. Kwenye daftari na kalamu akaandika: nimenunua mwenyewe. Kisha akatia sahihi.

Afisa aliinyakua karatasi kama inaungua. "Umeniharibia hati ya serikali! Unajua hii inakwenda wapi?" Akachomoa cheti cha Dobi kwenye kile kifurushi, akakitia mfukoni. "Basi, wote mtasubiri. Lazima ichapishwe upya."

Walisubiri saa nzima na nusu. Dobi alitegemea watu wamgeukie Afisa. Walimgeukia yeye.

"Huyu mama anajifanya nani?"

"Nimeacha nyanya juani mimi, zinaiva bure!"

"Elfu tisini hatujawahi kuziona, sasa hata cheti tukikose?"

Kinyozi alikuwa anatazama dirishani. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Karatasi mpya ilipoletwa, Dobi aliinyooshea shingo. Mstari wa kumi na saba ulikuwa na jina asilolijua, na sahihi nzuri yenye mikia. Mtu huyo hakuwamo ukumbini, lakini alikuwa amehudhuria siku zote tatu.

Kinyozi alimfuata mpaka barabarani, cheti amekikunja mkononi. "Dada, ungesaini tu yakaisha."

"Umepokea ngapi?"

"Si unajua."

"Nataka useme."

"Elfu mbili."

"Umesaini ngapi?"

Kinyozi alitazama viatu vyake. "Nina watoto wanne, dada," alisema. Ilikuwa kweli. Dobi akashika njia ya nyumbani.

Ijumaa walikuja askari wawili wa halmashauri na kufuli jipya. Mmoja alimpa karatasi ya kufungiwa kibanda, akamwonyesha pa kusaini. Dobi aliisoma yote, wao wamesimama. Sababu: hakuhudhuria mafunzo.

"Nilihudhuria," alisema, akairudisha. "Fungeni, nguvu mnazo. Lakini jina langu siweki kwenye uongo."

"Sisi tumetumwa tu, mama."

"Najua. Ngojeni nimalize shati hili. Ni la mteja, na mteja hana kosa."

Walitazamana. Akageukia meza. Alinyoosha kola, akaja mikono, akageuza mgongo, taratibu, bila haraka hata chembe, na wale wawili wakangoja juani na kufuli lao.