Mikono ya Kapteni Wagdi

Ratiba ilipobandikwa mlangoni mwa klabu, Kapteni Wagdi aliisoma mara tatu kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Wasichana wa chini ya miaka kumi na tano, hatua ya kumi na sita bora, Ijumaa saa nne asubuhi: Shahenda dhidi ya Kenzi. Wote wawili wanafunzi wake.

Makocha wa skwoshi wa Cairo wana adabu yao kwa jambo hilo. Wanafunzi wako wakikutana, huwi wa yeyote. Husimami nyuma ya ukuta wa kioo wa uwanja, hushuki kwenye mapumziko ya seti kumnong'oneza mtu. Unapanda viti vya juu kabisa, unakaa, unanyamaza.

Jioni ile ile Mama Kenzi alimpigia simu.

"Kapteni, mimi nakuamini," alisema, kwa sauti ya mtu asiyemwamini hata kidogo. "Ila unajua watu wanavyosema."

"Mikono yangu itakuwa mfukoni, Mama Kenzi. Wallahi."

Hilo la mikono lilimponyoka. Alipokata simu alijiuliza mama yule alijua kiasi gani.

Maana mikono ndiyo ilikuwa siri yake na Shahenda. Kocha haruhusiwi kusema neno mpira ukiwa unachezwa, lakini hakuna refa anayeweza kumkataza mtu kujikuna. Wagdi akigusa sikio, Shahenda anapiga mpira wa juu. Akiweka kiganja gotini, anaupeleka nyuma, kwenye kona. Akikunja mikono kifuani, anasubiri mwenzake akosee. Walianza kama mchezo, mtoto akiwa na miaka kumi, na mchezo ukageuka lugha.

Alimpokea Shahenda akiwa na miaka tisa, mwembamba, anaupiga mpira kama mtu anayeua mende kwa kandambili. Alimfundisha kushika raketi, kupinda goti, kurudi katikati ya uwanja kila baada ya pigo kana kwamba pale pana kamba inamvuta. Kenzi alikuja baadaye, na kipaji kilichomjaa hadi kwenye visigino. Ukimwambia Kenzi jambo anasema, "Nimekusikia, kapteni," kisha anafanya lake. Ukimwambia Shahenda, analifanya hadi umkataze. Wagdi alimpenda kwa hilo. Kocha gani asingempenda?

Kenzi alikuwa wa nne nchini. Akishindwa Ijumaa angenuna mpaka chakula cha mchana, kisha baba yake angempeleka kula samaki, yaishe. Shahenda hakuwa na nafasi ya kununa. Klabu ilikuwa imetoa tangazo: asiyefika nane bora Desemba hii anatoka kwenye kikosi. Kutoka kwenye kikosi ni kupoteza saa zako za uwanja, na ni kumpoteza Wagdi, kwa kuwa klabu ilimwajiri kwa ajili ya kikosi tu.

Ijumaa asubuhi alimkuta Shahenda akifunga kamba za viatu.

"Leo unakaa wapi, kapteni?"

"Juu."

"Juu wapi? Nikutafute upande gani?"

"Usinitafute."

Shahenda akacheka, akidhani anataniwa. "Haya. Lakini upande gani?"

Wagdi alipanda hadi safu ya mwisho, akatia mikono kwenye mifuko ya koti. Kulikuwa na baridi ile ya Desemba inayoingia kwenye saruji na kukataa kutoka. Chini yake akina mama walikaa na chupa za chai, wakitafuna mbegu za alizeti. Mama Kenzi upande wa kulia. Mama Shahenda upande wa kushoto, tasbihi mkononi.

Kenzi alichukua seti ya kwanza akitabasamu, kumi na moja kwa sita. Kila pointi ilipoisha, Shahenda aligeuka na kuangalia juu, moja kwa moja kwa Wagdi. Akaona koti. Akageuka tena ukutani.

Kwenye mapumziko Mama Shahenda alipanda ngazi akihema.

"Mwambie chochote, kapteni. Hata 'vuta pumzi'. Vuta pumzi si ufundi, hata mimi najua kuvuta pumzi."

"Siwezi, Mama Shahenda."

"Angalia anavyokuangalia. Kama kuku anayesubiri mtama."

Wagdi alikuwa ameshaona dawa. Kenzi akichoka huwa anauchomoa mpira kwenye kona ya kulia nyuma na kuudondosha mbele kabisa, tena na tena, kwa uvivu. Sogea hatua moja mbele. Maneno manne. Yalimkaa kinywani kama mwiba wa samaki, asiweze kuyameza wala kuyatema.

Hata hivyo Shahenda alipata seti ya pili, kwa kukimbia tu. Akapoteza ya tatu. Ya nne Kenzi alianza kucheza na mpira badala ya kuupiga, na Shahenda akaichukua, kumi na mbili kwa kumi, uso umemwiva kama nyanya. Bado kila pointi aliangalia juu. Wagdi alianza kuona haya, kama mtu anayeitwa kwa jina kwenye msikiti.

Seti ya tano ikafika nane kwa nane.

Kenzi aliudundisha mpira sakafuni, akijiandaa kuanzisha. Shahenda, raketi juu, akaangalia juu mara moja. Na wakati huo huo sikio la Wagdi likawasha. Lilikuwa baridi tu, au sufu ya kofia, kitu kisicho na maana yoyote. Mkono ukatoka mfukoni wenyewe, ukakuna sikio, na kabla haujarudi alishajua alichofanya.

Mpira ukaja. Ulikuwa mpira wa kupeleka nyuma, mtoto wa miaka kumi angeliona hilo. Shahenda akaupiga juu kwa nguvu zake zote, mpira ukapaa, ukagonga taa ya dari.

"Umetoka," refa akasema. "Tisa, nane."

Shahenda akageuka. Hakuwa na lawama usoni. Alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyemaliza kazi, anasubiri asahihishwe.

Mama Kenzi naye aligeuka, polepole. "Kapteni," akasema, basi.

"Umemwambia nini mwanangu?" Mama Shahenda akauliza kutoka upande wa pili.

"Sijamwambia kitu."

"Nimeuona mkono."

"Niliwashwa."

"Uliwashwa," mama akarudia, na tasbihi ikasimama.

Hapo Wagdi akafanya hesabu ya haraka. Akibaki, mtoto ataangalia. Akishika goti ataupeleka nyuma, akipiga chafya Mungu ndiye ajuaye. Akiondoka hatakuwa na pa kuangalia isipokuwa mpira. Lilikuwa wazo zuri, labda wazo zuri pekee alilolipata siku ile, na miguu ikalitekeleza bila kuuliza njia. Ngazi ya kushukia ilikuwa moja tu, nayo ilipita kando ya kioo.

Alimpita Shahenda kwa umbali wa mkono mmoja, kioo katikati yao. Macho yao yakakutana. Akataka kumwonyesha kwamba haondoki kwa hasira, kwamba anamwachia mchezo uwe wake. Ishara ya maneno hayo hawakuwa wameitunga. Akatoka.

Kwenye ujia akasimama kando ya jaba la maji, akasikiliza. "Mchezaji, uko tayari?" refa akauliza. Hakusikia jibu. Akasikia mpira ukigonga ukuta mara mbili, kisha ukagonga bati lililo chini ya ukuta wa mbele, ambalo ukiligonga umepoteza pointi. Anayeishi kwenye skwoshi huijua sauti hiyo kama mlio wa sufuria linaloanguka jikoni. Kumi, nane. Kimya. Kisha bati tena.

Kenzi alitoka akiwa na taulo shingoni. "Kapteni, hakucheza kabisa zile mbili. Alisimama tu. Umemgombeza?"

"Hapana."

"Basi kamwambie, maana analia."

Lakini hakukuwa na nafasi ya kumwambia. Kwenye mashindano ya watoto anayeshindwa ndiye refa wa mechi inayofuata, hakuna kwenda kulia chooni. Wagdi aliporudi ndani, Shahenda alikuwa ameketi nyuma ya kioo, karatasi ya pointi mapajani, macho mekundu, na wavulana wawili walishaanza.

Akasimama nyuma yake, hatua kumi hivi. Mvulana mmoja alijirusha, akauokota mpira chini kabisa, mchezo ukaendelea.

"Simama," Shahenda akasema. "Ulidunda mara mbili. Saba, tano."

Baba wa mvulana aliinuka. "We binti, unaona lakini?"

"Naona, ami."

"Ulidunda mara moja! Muulize mtu yeyote hapa."

Hakumuuliza mtu. Hakuangalia juu, wala pembeni, wala nyuma alikosimama Wagdi. Aliandika pointi, akainua kichwa uwanjani. "Saba, tano. Endeleeni."

Wagdi hakuwa ameuona mdundo wa pili. Miaka ishirini na sita uwanjani, na mpira ulimpita.

Mvulana alirudi mahali pake na kuinamisha kichwa, kama anayejua ulivyodunda mpira ule. Baba akakaa, akinung'unika. Wagdi alitamani kwenda kuchutama kando ya kiti kile na kusema: hivyo hivyo, binti yangu, macho hayo hayo, uwe nayo hata ndani ya kile kioo. Lakini refa hasemeshwi mechi ikiendelea. Na mechi ingeisha karibu na sala ya Ijumaa, mama angemshika mkono binti yake na kuondoka naye. Jumapili orodha ya kikosi ingebandikwa, na saa za Shahenda zingeandikwa jina la mwingine.

Sikio likaanza kumwasha tena. Akakaza ngumi ndani ya mifuko.

"Nane, tano," Shahenda akasema.